Kitasa Hakifungi

Jioni maji yakipwa, ufukwe wa Bagamoyo unapata viwanja vitano sita kwa mpigo. Magoli ni fito mbili, au ndala mbili, au chupa za maji zilizojazwa mchanga ili upepo usizichukue. Watu wanaopita kutoka soko la samaki hawasimami kuangalia, ila kelele zikilipuka wanageuka na kuuliza swali moja: "Nani kafunga?" Nimekulia hapa, Dunda, na nimecheza beki kwenye mchanga huu tangu shule ya msingi hadi nilipoondoka kwenda chuo. Kwa miaka yote hiyo jibu la swali lile lilikuwa jina langu mara moja tu, na siku hiyo nilijifunga.

Nilichelewa kulitazama neno lenyewe. Mlango unafungwa, duka linafungwa, mzigo unafungwa kamba, barabara inafungwa. Karibu kila mahali katika Kiswahili kufunga ni kuzuia: kitu kisipite, kisitoke, kisimwagike. Uwanjani neno limepinduka. Anayepenya na kuingia ndiye mfungaji. Yule ambaye kazi yake ni kufunga kwelikweli, kuziba njia na kubana mlango, tumempa jina la kuazima kwa Waingereza, beki, na vitenzi vyake vyote vinategemea jambo lililoanzishwa na mtu mwingine: anakaba, anaokoa, anaondosha. Najua maelezo yake. Kumfunga mtu ni kumshinda, kumwacha hana njia, na hata kwenye bao na karata watu hufungana. Lakini lugha haiingii uwanjani bila kuacha alama. Ikishampa mtu mmoja kitenzi, inampa na simulizi.

Ninachotaka kufanya hapa ni kusoma maisha ya beki jinsi tunavyosoma hadithi, kwa kuangalia nani anasimulia, anachagua nini na anaacha nini. Nimemchagua Nadir Haroub, ambaye nchi nzima inamjua kama Cannavaro. Nimemchagua kwa sababu ametoka ng'ambo ya pili ya maji haya, Unguja, na kwa sababu ndiye beki niliyejaribu kumuiga utotoni. Nadhani tumemsoma vibaya. Nadhani pia kosa letu linaanzia mbali kuliko mpira.

Sikiliza kipindi chochote cha michezo cha asubuhi. Beki wa kati asiyepitika ni kitasa. Akiwa mgumu zaidi ni kisiki. Safu nzima ni ukuta, na timu ikifungwa, ukuta unavuja. Yote haya ni sifa, wala sina shaka na nia ya wanaoyasema. Ila ni vitu visivyotembea. Mshambuliaji naye huitwa mashine ya mabao, lakini mashine angalau inazunguka, inachemka, inazima na kuwaka. Kisiki ni mti uliokwisha kukatwa. Ukuta haujui kama mwizi yuko nje. Na kitasa hakifungi chochote chenyewe; kinafungwa na mwenye ufunguo. Mtu anayekimbia kilomita kadhaa kwa mechi, anayepiga kelele kuwapanga wenzake, anayefanya uamuzi kila sekunde chache, tumemsifu kwa kumnyang'anya akili na miguu.

Kuna neno lingine, mlinzi, ambalo magazeti hulipenda. Hilo ni neno moja na la yule mzee anayekaa getini usiku na tochi. Analipwa ili jambo lisitokee. Lisipotokea miaka kumi, watu wanaanza kujiuliza kama anahitajika. Likitokea usiku mmoja, wote wanauliza alikuwa wapi.

Halafu kuna jina ambalo halikutoka gazetini bali uswahilini kwetu, na kila kijana wa Tanzania analijua: beki tatu. Katika mpangilio wa zamani wa jezi, namba mbili ni beki wa kulia, namba tatu beki wa kushoto, nne na tano wanasimama kati. Lakini ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kwako kuna beki tatu, hatauliza kama anapiga krosi. Atajua unamsema msichana wa kazi. Ndiye anayebaki nyuma, analinda nyumba, wengine wote wakipanda kwenda kutafuta mabao ya maisha yao. Sijawahi kusikia mfanyakazi wa ndani akiitwa namba tisa.

Dada yangu alikwenda Dar kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 17. Mimi nilikuwa darasa la sita. Pesa aliyotuma ilininunulia madaftari na, mwaka mmoja, njumu zangu za kwanza. Miaka ikapita, akarudi, mimi nikaenda chuo. Likizo moja rafiki zangu wawili walikuja kunitembelea Bagamoyo. Mmoja akasimulia kisa cha beki tatu wa kwao aliyeunguza maharage huku akichati kwenye simu. Tukacheka. Nami, nisionekane sina langu, nikaongezea kisa changu cha kutunga. Dada alikuwa jikoni. Akatuletea chai, akaweka sinia mezani, akatoka. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu, kwa miaka.

Tangu siku ile siwezi kusikia habari za mabeki bila kusikiliza na kitu kingine chini yake. Kisa cha maharage ndicho namna yetu ya kuwasimulia watu wa nyuma: siku 300 za maharage yaliyoiva hazina hadithi, siku moja yaliyoungua inasimuliwa hadi Bagamoyo.

Turudi kwa Cannavaro. Nadir Haroub alizaliwa Zanzibar mwaka 1982, akavuka bahari kuja Yanga katikati ya miaka ya 2000, akakaa Jangwani zaidi ya muongo mmoja na kuwa nahodha. Mwaka 2009 alikwenda Canada, Vancouver Whitecaps, kabla klabu ile haijaingia MLS, kisha akarudi. Aliichezea Zanzibar Heroes kwenye mashindano ya CECAFA na akaichezea Taifa Stars kwingineko, kwa hiyo kuna siku alilinda goli pamoja na watu wa Bara na kuna siku alililinda dhidi yao. Alikuwa nahodha wa Taifa Stars. Alitundika daluga mwaka 2018 na klabu ikampa umeneja wa timu.

Huo ni muhtasari, na ni mzuri. Sasa jaribu kuujaza kwa matukio, uone kinachokuja kichwani.

Kwanza linakuja jina. Fabio Cannavaro ni nahodha wa Italia aliyeinua Kombe la Dunia mjini Berlin mwaka 2006 na kupewa Ballon d'Or mwaka huohuo. Tangu hapo hakuna beki mwingine aliyeipata. Pembeni ya Cannavaro wetu, kwa miaka kadhaa pale Yanga, alisimama Kelvin Yondani, ambaye mashabiki walimwita Vidic, kwa jina la Nemanja Vidić wa Manchester United. Kwa hiyo Mtaliano na Mserbia ambao hawajawahi kucheza timu moja walikuwa wakikaba pamoja Jangwani. Utani huu una upendo ndani yake. Lakini unaonyesha pia kwamba tulipotaka kumsifu beki wetu hatukuwa na beki wa kwetu wa kumfananisha naye.

Haikuwa kwa sababu hawakuwepo. Kila Mtanzania anayependa mpira anajua bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililotupeleka Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 huko Lagos. Mechi ile iliisha 1–1. Ili sare itoshe, ilibidi kuwe na watu waliohakikisha Zambia hawapati la pili. Nahodha wa kizazi kile, Leodegar Tenga, alikuwa beki. Tenga tunamkumbuka, lakini zaidi kwa miaka yake ya urais wa TFF, kuanzia 2004 hadi 2013. Ilibidi aondoke uwanjani, akae ofisini, ndipo apate simulizi.

Tukio la pili linalokuja kichwani kuhusu Nadir Haroub ni bao. Tarehe 1 Machi 2014, Uwanja wa Taifa, Yanga walicheza na Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika wa 2012 na 2013. Yanga walishinda 1–0, na mfungaji alikuwa nahodha, kwa kichwa. Nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa mjini na nakumbuka viti vya plastiki vilivyovunjika. Wiki moja baadaye, Misri, Al Ahly walishinda 1–0, na Yanga wakatolewa kwa penalti 4–3.

Ukimuuliza shabiki leo kuhusu Cannavaro, atakupa kichwa kile. Mimi pia ndicho nilichokuwa nacho kwa muda mrefu. Lakini hesabu upya. Mabingwa wa bara zima, kwa dakika 180, walipata bao moja dhidi ya Yanga. Kichwa kilikuwa kazi ya sekunde mbili, tena kazi ya watu wengine ambayo alikwenda kuwasaidia. Zile dakika nyingine zote ndizo zilikuwa kazi yake na ya wenzake, nazo hatuna hata picha moja. Tumemkumbuka beki wetu mkubwa kwa siku aliyokuwa mshambuliaji. Ni kama kumkumbuka mama kwa siku alipoendesha gari.

Tukio la tatu ni unahodha. Januari 2016 Mbwana Samatta alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, baada ya kutwaa Ligi ya Mabingwa na TP Mazembe. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale, na kusema kwamba hakustahili sherehe yoyote tuliyoweza kumpa kungekuwa ujinga. Siku hizohizo kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, akampa unahodha. Cannavaro akatangaza kustaafu kuichezea timu ya taifa.

Vijiweni tuligawanyika. Wengi, nikiwemo mimi, tulisema mzee kanuna. Leo nasoma kisa kile tofauti, na wala si kwa kumlaumu Samatta, ambaye aliubeba unahodha ule kwa miaka mingi na kwa heshima. Ninachouliza ni unahodha wenyewe tuliuelewaje. Kama ni kazi, basi ni kazi ya kuona uwanja wote mbele yako na kuwapanga watu, na aliyesimama nyuma ndiye anayeona. Kama ni zawadi, basi humwendea aliyeng'aa. Mwezi ule tuliugeuza kuwa zawadi, hadharani, bila kusema kwamba tunaugeuza. Aliyeona haraka kuliko wote kwamba maana ya kitambaa imebadilika alikuwa mtu aliyekivaa. Kuliita jambo hilo kununa ilikuwa njia rahisi ya kutolisikiliza.

Tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Mwaka 1973 Mchezaji Bora wa Afrika alikuwa beki, Bwanga Tshimen wa TP Mazembe, Lubumbashi, mji ambao nao unaongea Kiswahili. Mwaka uliofuata Zaire walikwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, na humo humo kwenye kikosi alikuwepo beki mwingine wa Mazembe, Mwepu Ilunga. Dunia haimjui Bwanga. Inamjua Mwepu, kwa sababu tarehe 22 Juni 1974, mpira wa faulo wa Brazil ukiwa umetengwa na Wabrazil wakijiandaa kupiga, alichomoka kwenye ukuta akaupiga yeye, mbali. Kwa miaka mingi picha zile zilionyeshwa kama kichekesho cha Mwafrika asiyejua sheria. Baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria alizijua vizuri, na kwamba alifanya kusudi, kwa hasira dhidi ya wakubwa waliowanyima wachezaji pesa zao. Maelezo hayo hayakuwahi kusambaa kama kicheko kilivyosambaa. Huyo ndiye beki wa Kiafrika aliyeonekana zaidi na macho ya dunia katika karne ile: mtu mmoja, sekunde tano, kosa moja ambalo hata halikuwa kosa.

Ilichukua miaka 52 kutoka Bwanga hadi beki mwingine kuwa Mchezaji Bora wa Afrika, Achraf Hakimi wa Morocco, mwaka 2025. Nilifurahi. Kisha nikaangalia anasifiwa kwa lipi. Mwaka huohuo, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, ndiye aliyefunga bao la kwanza la Paris Saint-Germain. Mlango wa tuzo ulifunguka kwa beki anayefunga.

Hapa msomaji ana haki ya kunipinga. Atasema: bao ni tukio adimu, mechi nzima inaweza kuwa nalo moja, na binadamu hukumbuka kilicho adimu. Hakuna njama. Atasema pia kwamba huwezi kusimulia jambo ambalo halikutokea, na kazi ya beki ni mambo yasiyotokea.

La kwanza nalikubali nusu. Bao ni adimu kweli, lakini adimu kwa sababu ya nani? Mabao yangekuwa 40 kwa mechi, hakuna ambaye angevunja kiti cha plastiki. Thamani ya sarafu ya mshambuliaji inatunzwa na mabeki.

La pili silikubali kabisa, na aliyenifundisha kulikataa ni kocha wetu wa mchangani. Alikuwa mvuvi, alitufundisha jioni kwa kutegemea maji, bamvua likija hakuna mazoezi. Alikuwa na sheria moja kwa mabeki. Mechi ikiisha alitupanga mstari na kutukagua kaptula, na beki aliyejaa mchanga kuliko wenzake ndiye aliyelaumiwa. Kwake, beki aliyejirusha ni beki aliyechelewa. Sisi tulidhani kinyume. Tuliamini kwamba kujigaragaza ni ushujaa, na watazamaji walitushangilia tulipojigaragaza. Yeye alikuwa anaangalia hatua mbili kabla: ulisimama wapi wakati winga hajapewa mpira, ulimwambia nini mwenzako wa kushoto, uliona saa ngapi kwamba kiungo wao anainua kichwa. Mambo hayo yote yalitokea. Yalionekana. Alikuwa anayasimulia mechi nzima, akiwa amechuchumaa kando ya mtumbwi, kwa lugha iliyojaa vitenzi: amesogea, ameziba, amemsubiri, amemlazimisha arudi, amemwachia pembe asiyoitaka.

Kwa hiyo lugha ipo. Tumeacha kuitumia, na simu zetu zimetusaidia kuiacha. Zamani mtangazaji wa redio alilazimika kutaja kila aliyegusa mpira, maana bila hivyo msikilizaji alibaki gizani. Beki alisikika akipokea, akigeuka, akirudisha kwa kipa. Leo tunaangalia video ya dakika mbili yenye mabao tu. Mechi ya 0–0 iliyokabwa kwa ufundi haina cha kukatwa na kurushwa. Kijana anayejifunza mpira kwa simu anaweza kumaliza msimu mzima hajawahi kuona beki akifanya kazi yake vizuri. Atawaona wakipitwa tu, maana kila bao analoliona kuna beki ndani yake, chini, amechelewa.

Ukitoka Bagamoyo kufuata pwani kwenda kaskazini, baada ya Saadani na Pangani unafika Tanga, kwenye Uwanja wa Mkwakwani, nyumbani kwa Coastal Union, mabingwa wa Bara wa 1988. Mwaka 2020 Simba na Yanga waligawana mabeki wawili wa kati wa Coastal: Ibrahim Ame akaenda Simba, Bakari Mwamnyeto akaenda Yanga. Mwamnyeto akawa nahodha, kwenye kitambaa kilekile cha Cannavaro. Yanga wa 2021/22 walitwaa ubingwa wa ligi bila kupoteza mechi, na mfululizo wao wa kutofungwa ulifika mechi 49 kabla ya Ihefu kuukata Novemba 2022. Mechi 49 bila kupoteza ni rekodi ambayo haipatikani bila mabeki. Lakini muulize mtoto yeyote Yanga ile ilikuwaje, atakunja mikono na kutetema kama Fiston Mayele. Mayele alistahili. Ni kwamba tu hakuna aliyewahi kubuni mtindo wa kushangilia krosi iliyozuiwa.

Halafu ikaja fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023. Tarehe 28 Mei, Dar es Salaam, USM Alger ya Algeria walitangulia. Mayele akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, uwanja ukawaka, na kabla kelele hazijatulia Waalgeria wakafunga la pili. 1–2. Tarehe 3 Juni, Algiers, Yanga walishinda 1–0 kwa penalti ya Djuma Shabani, ambaye naye ni beki. Jumla 2–2. Kombe likaenda Algeria kwa sheria ya bao la ugenini. Yanga walimaliza dakika 90 za ugenini, kwenye uwanja uliojaa moshi wa fataki, bila kuruhusu bao hata moja, na wakapoteza kombe kwa sababu ya dakika zilezile za nyumbani.

Sijui mechi nyingine inayoeleza maisha ya beki vizuri zaidi. Kazi kamili kabisa ya Algiers haikuweza kufuta uzembe wa dakika chache wa Dar. Mshambuliaji akikosa leo, kesho akifunga tunasema kajisahihisha. Deni la beki halilipiki kwa namna hiyo. Anaweza tu kuacha kuliongeza.

Kuna jambo moja kuhusu Mwamnyeto linalonipa moyo, nalo ni lakabu. Hatukumwita Vidic wala Ramos. Tulimwita Nondo. Ni kitu tena, najua, na nimeshalalamika kuhusu vitu. Lakini hiki kimetoka kwetu, kwenye maneno ya mafundi ujenzi, na kinasema jambo la kweli. Nondo hukaa ndani ya zege. Nyumba ikishapigwa plasta na rangi, hakuna mgeni atakayeisifu nondo. Siku ikionekana, jua nyumba ina ufa. Na vijana wa sasa wanalitumia neno hilohilo kwa maana nyingine: mtu akiongea hoja nzito, tunasema ameshusha nondo. Angalau hapo kuna kichwa. Beki mwenye hoja.

Mechi ya Algiers niliiangalia nyumbani, Bagamoyo, na dada alikuwepo. Yeye si mtu wa mpira. Ila alikaa hadi mwisho, na filimbi ilipolia akauliza kwa nini walioshinda ndio wanaolia. Nikamweleza sheria ya bao la ugenini, nikamweleza habari za kufungwa nyumbani, kisha nikajikuta nimefika kwenye jambo ambalo sikulipanga. Nikamwambia nakumbuka ile siku ya chai. Nikamwomba radhi kwa lile neno.

Alikaa kimya kidogo, akicheza na mpini wa kikombe. Kisha akacheka, kicheko chake kile cha puani.

"Mdogo wangu, nimekaa kwa watu miaka mitano. Watoto watatu nimewalea, mmoja nimempokea hajaota jino. Umewahi kusikia nimefungwa?"

Sikuwahi kusikia. Wala sikuwahi kuuliza.